Nyota Iliyowafuta Watu wa Madungu

Tulikuwa sita na simu moja. Kulikuwa na Devota Mponda, mwenye nyumba, aliyestaafu juzi juzi tu akarudi Ifakara kujenga hapa Lipangalala, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Zamani alikuwa karani wa kompyuta na mimi nilikuwa msindikizaji wake. Kulikuwa na Neema, binti yake wa mwisho, anayesoma takwimu chuoni, amekuja likizo na kompyuta yake ya kupakata. Kulikuwa na Abdallah Saidi, dereva wetu wa siku zile, mtoto wa muuza vitambaa wa sokoni. Sasa sikio lake la kushoto limeziba lakini mdomo haujaziba hata kidogo. Kulikuwa na Paskalina wa Namawala, ambaye dunia nzima inamwita Mama Rehema, pamoja na binti yake mdogo, muuguzi kule Kiberege, ambaye naye anaitwa Devota. Kwa nini anaitwa hivyo nitasema nikifika. Wa sita ni mimi, Yustina, Mama Koleta. Na ndani ya simu alikuwamo Bwana Kessy, aliyekuwa mkuu wetu wa kazi, anaongea kutoka kwao Moshi kwa sauti kubwa, tumemwegemeza kwenye bakuli la kachumbari.

Hatukupanga kukumbuka lolote. Tulikuja kula pilau ya kumkaribisha Devota. Kumbe Neema yuko sebuleni na kazi yake ya chuo, mara tukasikia, "Mama! Mama, nimefuta safu zangu zote!" Devota akauliza kutoka jikoni, "Umefanyaje?" Mtoto akajibu, "Nimeweka nyota." Devota akasimama na mwiko mkononi akanitazama. Mimi nikamtazama. Abdallah, na sikio lake bovu, hilo alilisikia vizuri sana: "Nyota tena?" Tukacheka jamani, tukacheka mpaka Mama Rehema akashika meza, na Bwana Kessy ndani ya simu anapiga kelele, "Kuna nini huko? Nani kaanguka?" Neema akakasirika, "Mnacheka nini? Hii ni kazi ya mwalimu!" Mama yake akamuuliza, "Nakala unayo?" Akasema anayo. "Basi kaa chini ule. Bibi yako akusimulie mwaka ambao sisi hatukuwa nayo." Nikasimulia, lakini nilisimulia huku natafuna na huku Abdallah ananidakia, kwa hiyo mengine yaliruka. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Shule yangu ni darasa la nne, mwandiko wangu unapanda mlima, lakini majina sijawahi kupoteza. Au niseme, nilidhani sijawahi kupoteza, mpaka mwaka ule.

Habari za ukoo wangu naziacha, hazina msaada hapa. Nianze na kile chumba. Ofisi ya mradi wetu wa vyandarua ilikuwa na vyumba vitatu, na cha kompyuta ndicho kilichokuwa na sakafu nyekundu iliyopigwa rangi ikang'aa, na feni. Tulivua viatu mlangoni. Kompyuta yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama kile cha kuwekea juu ya redio, na Devota alipokuwa anakivuta asubuhi alikivuta polepole, unasema anamfunulia bibi harusi shela. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwembamba, ametoka mjini na hajui dagaa wa mto na dagaa wa ziwa wanatofautiana nini. Chai ilikuwa marufuku humo ndani. Tulikunywa kizingitini, mandazi kwenye gazeti, na dirisha likiwa wazi tunasikia Abdallah anabishana na Bwana Kessy kuhusu matairi. "Bwana Kessy, hii gari inakwenda kwa dua." "Basi omba dua, Abdallah, tairi zinakuja mwezi ujao." "Mwezi upi? Maana ujao wa kwako hauji." Kila siku hivyo, na kila siku tulicheka kama ni mara ya kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kujua watu. Walinichukua kwa sababu nilikuwa nimelima bonde lote lile, na mtu nikimwona mara moja jina lake linakaa. Nilitangulia mbele ya Devota tukienda nyumba kwa nyumba, napiga hodi, nasalimia, namtambulisha. Yeye anauliza, anajaza fomu. Fomu zilikuwa mbili. Nyeupe ni ya nyumbani: nani analala hapa, ana chandarua au hana. Ya njano ni ya shambani. Asiyelima mpunga huku anaweza kushangaa fomu ya pili ya nini, lakini sisi tunajua. Masika yakishakolea, familia nzima inashuka bondeni, mama na watoto na kuku, wanakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo chenye ngazi, wanaamia ndege mchana na kufukuza nguruwe, miezi mitatu, minne, mpaka mavuno. Chandarua, kama kipo, kinabaki kijijini kinalinda kitanda kitupu. Na mbu wa bondeni hawana cha kusubiri. Watoto waliokuwa wanarudi kutoka madungu wamelegea kama matambara ndio waliomfanya Bwana Kessy atoe ahadi mbele ya wazee wa Namawala: lori la vyandarua likija, watoto wanaolala shambani watapewa kwanza, mmoja mmoja, kwa orodha. Asiye kwenye orodha angesubiri msimu mwingine. Hilo lilikuwa neno lake, na sisi tuliitembeza miguu yetu juu ya neno hilo.

Sasa nyota. Devota alikuwa anapenda kunifundisha, na mimi nilipenda kufundishwa kuliko ninavyoweza kuandika. Alinionyesha kwamba ndani ya mashine kila swali lina safu yake, kama jamvi lenye mistari, na kila safu ina jina. Safu za wanaolala nyumbani aliziita lala: lala1, lala2, mpaka lala12. Safu za wanaolala shambani aliziita lalash: lalash1, lalash2, hivyo hivyo. "Mama Koleta, ukitaka safu kumi na mbili kwa mpigo, huna haja ya kuzitaja moja moja. Unaandika mwanzo wa jina, halafu unaweka nyota. Nyota maana yake, na chochote kinachofuata." Nikamwambia, "Kama nikisimama njiani nikaita, enyi wa kwa Mzee Matimbwa! Wanatoka wote." Akafurahi, "Eeeh! Hivyo hivyo!" Akanionyesha na alama ya kuuliza, kwamba hiyo inasimama mahali pa herufi moja tu, haina tamaa kama nyota. Siku ile nilitembea kurudi nyumbani naona kichwa changu kimeongezeka ukubwa. Mimi, wa darasa la nne, najua siri ya mashine! Nilimwambia kila niliyekutana naye. Mama Sesilia muuza vitumbua nilimweleza nyota mpaka kimoja kikaungua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, mvua imenyesha mfululizo. Devota alikuta ameingiza sehemu ya nyumbani mara mbili, mara ya kwanza ina makosa, mara ya pili ni safi na ameipa majina mengine. Akataka kuondoa ile yenye makosa. Akaandika amri ya kufuta, akaandika lala, akaweka nyota. Mashine haikulia, haikuuliza, haikukohoa. Ilikubali kama mtu mwenye adabu. Akahifadhi, akachukua disketi ya akiba, akanakili juu ya nakala ya jana ikafutika, kama alivyofundishwa, akafunika kitambaa chake, tukaenda kununua kambale. Alinunua wakubwa wawili, nakumbuka, akanipa mmoja.

Kesho yake Bwana Kessy akasema, "Devota, nipe watoto wa madungu, lori linakuja Jumamosi." Akaita lalash1. Mashine ikasema hakuna safu yenye jina hilo. Akaita lalash2. Hakuna. Nilikuwa nafuta vumbi dirishani, nikaona shingo yake inabadilika rangi. Akasema polepole, "Mama Koleta, lala na chochote kinachofuata." Nilielewa palepale, maana nilijua nyota inavyoita. Ilikuwa imeita enyi wa lala, na wa shambani nao majina yao yanaanza na lala, basi wakatoka wote. Watu wa madungu wote walikuwa wamefutwa na kialama kisichozidi sisimizi.

"Fomu za karatasi," Bwana Kessy akasema. Tukakimbia stoo. Fomu nyeupe zilikuwa juu kwenye kabati, salama kabisa. Za njano zilikuwa sakafuni ndani ya boksi, kwa sababu tulikuwa tumemaliza kuziingiza kwenye mashine, na maji ya mvua yalikuwa yamepita chini ya mlango siku nyingi, sisi hatuna habari. Devota alipoliinua boksi, chini lilibaki. Karatasi zilikuwa zimeshikana kama ugali uliolala, wino wote umekuwa bluu moja. Akakaa palepale kwenye sakafu ya stoo, sketi inalowa, anasema, "Wale watoto. Nimewaahidi. Nimewaandika majina yao kwa mkono wangu." Bwana Kessy hakumgombeza. Nadhani angegombeza ingekuwa nafuu.

Hapo ndipo mimi nilipojitokeza, na ninavyoandika hivi mashavu yananichoma mpaka leo. Nikasema, "Mnalia nini na mimi nipo? Nitajieni nyumba, nitawatajia waliomo." Bwana Kessy akanitazama. "Wote?" "Wote." Nyumba zenye madungu zilikuwa sitini na mbili, orodha ya majina ya wenye nyumba ilikuwa bado ipo kwenye safu za mwanzo. Devota akakaa, akajifuta pua, akaanza kunisomea. "Mzee Kalisti Likwata." "Watoto wanne, Betina, Fransisi, Ediga na yule mdogo wa kuitwa Mashaka, chandarua kimoja." "Mama Apolinari." "Wawili, hakuna chandarua, dungu lake ngazi imevunjika kipande cha tatu." Jamani, nilitiririka! Watu wa ofisi jirani walikuja kusimama mlangoni bila viatu. Mlinzi alikuja. Bwana Kessy alikuwa ameketi juu ya meza kama kijana, anasema, "Huyu mama, huyu mama!" Sijapata kushangiliwa hivyo tena, hata siku ya harusi yangu. Mara Devota akasoma, "Mama Rehema." Nikasema, "Watatu, chandarua wanacho, cha bluu." Tukaendelea, majina kama kumi na tano hivi, akasoma tena, "Mama Rehema." Nikasema bila hata kuvuta pumzi, "Huyo tumeshamwandika, usirudie." Akakata mstari.

Tulimaliza wakati wa chai ya saa kumi. Bwana Kessy alikuwa anakunja karatasi atie mfukoni. Abdallah alikuwa nje ya dirisha na kikombe chake, akasema tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mama Rehema yupi mmeandika?"

"Mama Rehema ni Mama Rehema," nikamjibu. "Wewe endesha gari."

"Naendesha, ndiyo maana nauliza. Yuko Mama Rehema mke wa Ligoha, huyo kweli ana chandarua cha bluu, alinionyesha mwenyewe mpaka nikachoka. Na yuko Mama Rehema Paskalina, wa ng'ambo ya kijito. Huyo mwezi uliopita nilimbeba na mtoto ameshikwa na degedege. Chandarua cha huyo mlikiona wapi?"

Devota akatazama orodha. "Namba ni tofauti, Mama Koleta. Mmoja ni nyumba ya arobaini na moja, mwingine ya hamsini na nane." Nikasema, na sauti yangu niliisikia ndogo, "Mimi namba sizijui. Mimi najua watu." Lakini ni mimi mwenyewe niliyemwambia Devota, siku ya kuandikisha, tukiwa kwenye matope mbele ya dungu la Paskalina, "Andika Mama Rehema tu, huyu wote wanamjua." Sisi mama akishazaa jina lake tunalikunja tunaliweka, tunamwita kwa mtoto, na Rehema bondeni kule walikuwa wengi. Niliwaona wote wawili siku moja, nikala kwa wote wawili, kichwani wakawa mtu mmoja mwenye chandarua. Nilikuwa nimefanya kwa mdomo kile kile ambacho nyota ilifanya kwenye mashine, na mimi sikuwa na udhuru wa kuwa mashine.

Bwana Kessy akasema, "Haidhuru, tutarekebisha huyo mmoja. Bora orodha hii kuliko kukosa." Na hapa wasomaji mnisamehe nijisifu kidogo, maana ni mara moja tu. Nilinyoosha mkono nikaichukua ile karatasi. Nikasema, "Bwana Kessy, huyo mmoja tumemjua kwa sababu Abdallah ana kiherehere. Wengine nimewakosea wangapi? Hamjui. Mimi sijui. Hii si orodha, hizi ni sifa zangu. Leo ni Jumanne, kuna siku tatu. Nipeni gari niwapeleke kwenye madungu, tukawaulize wenyewe." Akasema njia zimejaa maji. Abdallah akadakia dirishani, "Gari hii inakwenda kwa dua, si ulisema niombe?" Bwana Kessy akacheka bila kupenda. Ndipo akatoa ufunguo.

Siku tatu zile! Nikizikumbuka miguu inataka kunyanyuka. Jumatano alfajiri tuliiacha gari Namawala tukashuka bondeni kwa miguu, fomu mpya ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ndoo kichwani kwangu. Mpunga ulikuwa umefika kifuani, kijani ile inayokaza macho, na kila upande watoto wanapiga madebe kuamia ndege, "Hooo! Hooo!" Niliweka sheria: sijibu mimi kabla ya mwenye dungu. Ilinitesa. Devota anauliza, "Watoto wangapi wanalala hapa?" na mimi najua, au nadhani najua, nauma mdomo. Kwa Mzee Kalisti nilikuwa nimesema chandarua kimoja. Akatuonyesha kitambaa kilichoungua, "Moto wa kufukuza mbu ndio uliokila." Mama Apolinari niliyesema ana watoto wawili alikuwa na watano, amechukua wa marehemu dada yake. Kila nilipokosea Devota alinitazama kwa pembeni, hasemi, na Abdallah anasema kwa niaba yake: "Hiyo ya ngapi, Mama Koleta? Mimi nimeishiwa vidole." Walitulisha. Lazima niseme walichotulisha: wali wa mpunga wa mwaka jana na kambale wa moshi kwa Mama Apolinari, mhogo kwa Mzee Kalisti, na kwa mke wa Ligoha, yule Mama Rehema wa bluu, perege wa nazi watamu hata Abdallah alinyamaza. Alitushikisha chandarua chake tena, tukishike, tukinuse. Devota aliteleza kwenye ngazi tatu tofauti. Ya nne alipanda kama mtu aliyezaliwa huku, akageuka juu kule akanipungia mkono, na mimi chini na ndoo kichwani nikapiga kigelegele.

Ijumaa mchana alikuwa amebaki mmoja. Paskalina, nyumba ya hamsini na nane. Kijito kilikuwa kimekuwa mto, na mtumbwi wa kuvukia umechukuliwa na maji. Abdallah akasimama ukingoni, suruali imekunjwa. "Mimi leseni yangu ni ya gari, si ya kiboko." Nikamwambia Devota, kwa kweli nilimwambia, "Tunaweza kumwandikia kwa kukadiria, mwanangu. Watatu, hana chandarua. Abdallah shahidi." Nilikuwa nimechoka, na maji yale nilikuwa nayaogopa. Akanijibu, "Unakumbuka au unadhani?" Hakusema kwa dharau. Aliuliza kweli, anataka kujua. Nikatafuta kichwani. Nikasema, "Nadhani." Akavua viatu.

Tulivuka tumeshikana mikono watatu, Abdallah mbele na fimbo anapapasa chini, anasoma dua kwa sauti ya juu, maji yakanifika kifuani, Devota yakamfika shingoni, ndoo ile nikiishika juu kama mtoto wa kubatizwa. Tulitokea ng'ambo tunatetemeka na tunacheka kwa pamoja. Dungu lilikuwa palepale, linafuka moshi. Paskalina akachungulia juu, akatupigia ukelele, "Eee Mungu wangu! Mama Koleta! Mmefuata nini na maji yote haya?"

"Tumekuja kukuuliza kama upo," nikasema. Ndivyo lilivyotoka.

"Kama nipo? Nipo! Nitakuwa wapi?"

Devota akapanda na fomu. "Watoto wangapi wanalala hapa, mama?" Mimi kimya. Paskalina akasema, "Wanne." Nikamtazama, maana nilijua watatu, hata ile "nadhani" yangu nilikuwa na uhakika nayo. Akafunua kanga pembeni, kwenye moshi ule, na chini ya kanga alikuwapo mtoto mchanga wa siku tisa, amelala, juu ya paji la uso ana vipele viwili vya mbu. Alijifungua palepale dunguni, maji yamemfungia, mama mkwe wake ndiye aliyempokea. Kwa kichwa changu chote, na kushangiliwa kwangu kote, mtoto yule asingekuwamo kwenye orodha. "Chandarua?" Devota akauliza. "Hakuna." "Jina la mtoto?" "Bado hatujampa, baba yake yuko kijijini." Devota akabaki na kalamu juu. "Hapa lazima niandike jina, mama, la sivyo mashine itaniuliza." Paskalina akamtazama yule msichana wa mjini, nywele zimemlowa, midomo ya bluu, tope mpaka kwenye nyusi. "Wewe unaitwa nani?" "Devota." "Basi muandike Devota. Baba yake nitamwambia."

Lori lilikuja Jumamosi. Vyandarua viligawiwa kwa orodha ile, kila mtoto kwa jina la mama na jina lake na namba ya nyumba, hakuna jina lililoitwa wakajitokeza wawili. Cha Devota mdogo alikipeleka Abdallah mwenyewe, amekifunga kichwani kama kilemba, akavuka tena kijito kile bila kulazimishwa na mtu, ingawa mpaka leo anadai alilazimishwa.

Wiki iliyofuata Devota alinikalisha mbele ya kompyuta. Safu za shambani alikuwa ameshazipa jina jingine lisiloanza kama la nyumbani. Akanionyesha kwamba kuna amri ya kuiuliza mashine kwanza: weka nyota yako, lakini iambie ikutajie nyota imewakamata nani, ukishawaona wote, ndipo ufute. "Sasa tazama hii," akasema, akanionyesha alama kama wimbi dogo la maji. "Hii ukiiweka ndani ya jina, badala ya herufi ulizoruka, mashine inatafuta mmoja tu. Ikipata mmoja inaendelea. Ikipata wawili, inagoma." "Inagoma vipi?" "Inasimama. Inasema, hili jina ni la zaidi ya mmoja, niambie yupi." Nilishika meza. Nikamwambia aifanye. Akafanya, mashine ikagoma. Nikamwambia aifanye tena. Tulifanya labda mara kumi, kila ikigoma napiga makofi. Niliwahi kuipenda nyota kwa vile inaita wengi. Siku ile nilikipenda kiwimbi, na sijaacha. Tangu mwaka ule mtu akiniambia fulani kafariki, fulani kaiba, fulani anakusalimu, nauliza yupi, na watu wengine wanasema bibi huyu anazeeka. Nazeeka ndiyo. Lakini zamani ndipo nilipokuwa siulizi.

Nirudi kwenye pilau. Neema alikuwa amesikiliza mpaka chakula chake kimepoa. Akamuuliza Mama Rehema, "Na baba yake alikubali jina?" Mama Rehema akasema alinuna siku mbili, halafu akakuta mtoto analala usingizi ndani ya chandarua na yeye hajawahi kupata usingizi kama huo, akanyamaza. Simu kwenye kachumbari ikakoroma, "Waambie na mimi nilitoa gari!" Abdallah akaisogelea, "Ulitoa gari, tairi hukutoa! Mwezi ujao bado haujafika!" Katikati ya kelele zile nikaona chumvi haipo mezani. Nikaita, "Devota, niletee chumvi." Wakanyanyuka wawili. Wakatazamana, mmoja ana mvi, mwingine ana saa ya kiuguzi kifuani, wote wamesimama nusu. Na Neema, mjukuu wangu wa hiari, ambaye alikuwa ameanza siku kwa nyota, akanigeukia na kijiko mdomoni akasema, "Bibi. Yupi?"

Haya ndiyo ninayoyakumbuka, na mmeshaona kukumbuka kwangu kunaweza kufika wapi. Kama wewe ulikuwa bondeni mwaka ule na nimekuweka kwenye dungu lisilo lako, au nimekupunguzia mtoto, au Fransisi wa Mzee Kalisti si Fransisi ni Faustini, usinistahi kwa ajili ya mvi. Njoo uniambie, nitakata mstari, nitaandika upya, nafasi nimeacha pembeni ya kila ukurasa. Nipo Lipangalala. Uliza Mama Koleta. Watakuuliza yupi, maana mtaa huu tupo watatu. Waambie yule aliyemkosea Mama Rehema.